Nipo mwaka wa pili kozi ya mawasiliano, kamera sijashika, nihame?

"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuo kikuu nasoma mawasiliano ya umma na vyombo vya habari. Nilivyokuja nilijua nitashika kamera na maiki kuanzia wiki ya kwanza lakini mpaka leo ni nadharia tu, mara Lasswell, mara Stuart Hall, mara mbinu za utafiti, na muhula huu wametuwekea takwimu ambayo ndo niliikimbia tangu sekondari. Rafiki yangu hakwenda chuo, kajifunza kuediti video kwenye intaneti na sasa hivi analipwa. Baba anasema hii ni kozi ya waliokosa kozi, nihamie kompyuta. Na kila nikifungua simu nasoma kwamba akili mnemba inaandika habari yenyewe. Niendelee, nihame au niache? Tangu muhula uanze silali vizuri na kuna siku sitoki kabisa chumbani. Naomba jibu la kweli, sio la kunipa moyo."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na lile uliloliweka mwishoni kabisa, maana ndo lililonishtua. Kukosa usingizi muhula mzima na kushindwa kutoka chumbani sio uvivu na wala sio ushahidi kwamba kozi imekushinda, ila pia sio kitu cha kusubiri kiishe chenyewe. Wiki hii hii nenda ofisi ya mshauri nasaha ya chuo, na kama hawana mtu basi nenda zahanati ya chuo ukaonane na daktari, umwambie kama ulivyoniambia mimi, tangu lini na mara ngapi kwa wiki. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru usingoje wiki iishe, mwambie mtu aliye karibu nawe leo akusindikize. Uamuzi wa kuhama kozi usiufanye ukiwa hujalala mwezi mzima, mtu aliyechoka kila mlango anaona umefungwa.

Sasa tuje kwenye kozi. Mimi nilikaa chumba cha habari miaka mingi kama mhariri kabla sijaja kufundisha, kwa hiyo vijana kama wewe nimewapima kazini na sasa nawapima darasani. Ninavyokusoma, kinachokuuma ni kwamba unahisi miaka inakwenda na mikononi huna kitu. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Nisichokubaliana nacho ni pale unapoilaumu nadharia, maana hapo unamshika asiyehusika.

Chukua hicho unachokiona ni cha kukariri tu. Mwaka 1949 mtafiti mmoja Mmarekani, David Manning White, alimwomba mhariri wa gazeti la mji mmoja atunze kila habari iliyoletwa na mashirika ya habari aliyoitupa ndani ya wiki moja na aandike pembeni kwa nini kaitupa. Utafiti ukatoka mwaka 1950. Ikaonekana kama sehemu 9 kati ya 10 ya kilichofika mezani kwake hakikumfikia msomaji, na sababu nyingi zilikuwa zake binafsi, hii haivutii, hii sina nafasi, hii siiamini. Mtu mmoja na kalamu yake ndo alikuwa anaamua mji mzima ujue nini kuhusu dunia. Hiyo ndo nadharia ya mlinda lango ambayo wewe umeandikiwa kwenye slaidi kwa mistari mitatu na umeikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa chukua simu yako, fungua mtandao wowote wa kijamii, angalia vitu kumi vya kwanza vilivyokuja, halafu jiulize nani kachagua hivi kumi na akaacha maelfu mengine. Mlinda lango yupo bado, isipokuwa siku hizi ni programu, na haiulizi kama jambo ni kweli au lina faida kwako, inapima zaidi kama utaendelea kukaa hapo. Ukishaliona hilo huwezi tena kutengeneza kitu cha mtandaoni kwa kubahatisha, unajua lango linafunguka kwa nini na unajua gharama ya kulifungua kwa njia hiyo.

Au lile la McCombs na Shaw, watafiti wawili wa Marekani. Kampeni za urais Marekani mwaka 1968, mji wa Chapel Hill, waliwahoji wapiga kura 100 ambao bado hawajaamua wampigie nani, wakawauliza masuala gani ni mazito kwao, halafu wakapima vyombo vya habari ambavyo watu hao walikuwa wanavifuatilia vimeyapa masuala gani nafasi kubwa. Orodha mbili zikakaribiana mno. Kilichotoka kwenye matokeo yao ya mwaka 1972 sio kwamba gazeti linakuamulia upande wa kushika, hapana, ni kwamba linakupangia meza, hiki ndo cha kujadili na kile tukiache. Mtu aliyeelewa hapo akiajiriwa na shirika la afya hatakuja na wazo la kubandika mabango mia, atauliza kwanza, wiki hii watu wanaongelea nini na sisi tunaingiaje hapo.

Na Stuart Hall, yule msomi wa Uingereza ambaye naona umemtaja kama vile amekukosea. Mwaka 1973 alisema ujumbe haumfikii mtu kama barua kwenye bahasha, kwamba akifungua anakuta kilekile ulichoweka. Yule anayepokea naye anafanya kazi. Mfano nilioutumia darasani mwezi uliopita: tangazo linasema "Mama, mlete mtoto apate chanjo." Mama wa kwanza anasikia sawasawa na aliyeandika, anampeleka. Wa pili anasema chanjo nzuri lakini wa kwangu ana kikohozi, nitampeleka akipona. Wa tatu anasema wale waliotudharau kliniki mara ya mwisho ndo leo wanatuita mama? haendi. Tangazo ni moja, sauti ni moja, lakini limesikika mara tatu tofauti. Ofisa mawasiliano asiyejua hili akiona watu hawaji ataongeza sauti, atanunua matangazo mengine kumi. Anayejua atakwenda kukaa na yule mama wa tatu. Na akifika kule atagundua kwamba tatizo halikuwa tangazo hata kidogo, lilikuwa muuguzi wa mapokezi.

Kwa hiyo nadharia sio adui wa kamera. Lakini, na hapa nakubaliana na wewe moja kwa moja, nadharia ikifundishwa bila mikono inakuwa maneno matupu, na dipatimenti nyingi zinakosea hapo. Vifaa vichache, wanafunzi wengi, mwalimu mwingine tangu amalize shahada hajawahi kuandika habari hata moja, basi anafundisha alichonacho. Usikae ukisubiri chuo kirekebishe hilo ndani ya miaka yako miwili iliyobaki.

Nikwambie ajira zinavyokwenda kwa ndani. Tulipokuwa tunatafuta mwandishi mpya sikuwa nasoma vyeti kwanza. Tulikuwa tunawaita watu nane tisa, kila mmoja anapewa taarifa kwa vyombo vya habari ya kurasa nne, dakika 45, toa habari ya maneno 250. Taarifa yenyewe tuliichagua makusudi, ndefu, imejaa sifa, na ukurasa wa tatu katikati ya aya kuna sentensi moja imejificha inayosema mradi sasa utakamilika miaka miwili baadaye kuliko ilivyotangazwa mwanzo. Wengi walianza hivi, "Mkurugenzi amesema taasisi yake imejipanga kikamilifu kuhakikisha..." na wanaendelea hivyo mpaka mwisho. Mmoja au wawili walianza na ule ucheleweshaji. Hao ndo tulibaki nao. Na kati ya hao, yule aliyeongeza chini kwamba habari hii haijakamilika mpaka apigiwe simu fulani na kuulizwa kwa nini, huyo tulimwambia arudi Jumatatu. Huo uwezo wa kusoma kurasa nne ukajiuliza wanataka nione nini na wanataka nisione nini, ndo huohuo Lasswell, msomi Mmarekani, aliuweka mwaka 1948 kwa maswali yake, nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Vijana wale hawakukumbuka jina lake, lakini maswali yalikuwa yamewaingia.

Takwimu. Najua hili linakutisha na nitakueleza kwa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa ripoti inasema matukio ya aina fulani katika wilaya moja yameongezeka kwa asilimia 200, nikaandika, ikapewa kichwa kikubwa. Kesho yake msomaji akapiga simu akauliza taratibu tu, yameongezeka kutoka mangapi? Nikafungua ripoti. Kutoka tukio 1 hadi 3. Asilimia 200 ilikuwa kweli na habari yangu ilikuwa upotoshaji, na watu wa wilaya ile walikuwa wameshalala na hofu usiku mzima kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuruhusu asilimia ipite mezani kwangu bila namba zake mbili. Hiyo ndo takwimu mwandishi anayohitaji kwa kiasi kikubwa, sio kukokotoa vitu vya ajabu, ni kujua swali la kuuliza. Lingine ni sampuli, yaani wale wachache unaowauliza kwa niaba ya wengi. Mwaka 1936 jarida la Marekani lililoitwa Literary Digest lilikusanya kura za maoni za watu zaidi ya milioni 2 likatangaza Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Watu milioni 2! Tatizo ni kwamba waliwapata wengi kupitia orodha za wenye simu na magari, mambo ambayo wakati ule maskini hakuwa nayo, na waliojibu ni wale tu waliopenda kujibu. Leo kuna mtu ataweka kura kwenye ukurasa wake, wafuasi elfu hamsini watabonyeza, na kesho vyombo vya habari vitaandika "wananchi wamesema". Wewe ukimaliza hilo somo hutaandika hivyo. Tafuta mwenzako anayeelewa, kaeni saa mbili kila wiki, muulize maswali unayoyaona ya kijinga, na nenda ofisini kwa mwalimu wa somo na karatasi yenye hesabu uliyokwama, usiende kumwambia tu "sielewi".

Rafiki yako mhariri wa video mheshimu sana, kafanya kazi kwa mikono yake na analipwa, hilo huwezi kulipinga kwa shahada. Ila muangalie kwa karibu anauza nini. Anauza ustadi wa programu fulani, na programu hizo zinabadilika, na kila mwezi anaingia mtu mwingine anayefanya kwa bei ya chini yake. Atakayedumu ni yule anayeweza kumwambia mteja hii video haitafanya kazi na sababu ni hii. Tena kuna mambo ambayo masomo ya intaneti huyapita haraka sana. Kijana mmoja nilimfahamu, hodari kweli wa kamera, alirekodi mtoto kitandani hospitali, sura yote inaonekana, jina la ugonjwa limeandikwa chini, akaweka mtandaoni kwa nia njema ya kumchangia. Michango ilikuja. Na mtoto yule akipona anarudi shule wenzake wote wanajua anaumwa nini, na ile klipu haifutiki tena. Sheria ya vyombo vya habari, maadili, kashfa, hakimiliki, ridhaa, haya ndo masomo wanafunzi wanayasinzia na ndo yanayomfikisha mtu mahakamani. Ushauri wangu, fanya naye kazi. Yeye anajua kukata, wewe unajua kuuliza, tengenezeni kitu kimoja pamoja likizo hii.

Akili mnemba sasa. Sitakudanganya kwamba haitagusa kitu. ChatGPT ilitoka Novemba 2022 na tangu hapo kazi nyingi ambazo zamani tulimpa kijana mpya ajifunzie, kufupisha taarifa, kunakili mahojiano, kuandika maelezo ya picha, mashine inazifanya kwa sekunde. Mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba, ni kweli. Lakini elewa inavyofanya kazi, mifumo hii imefunzwa kwa maandishi mengi kupita kiasi na inachofanya ni kukadiria neno gani linafuata, ndo maana inaweza kukuandikia nukuu nzuri ya mtu ambaye hajawahi kusema maneno hayo. Haiendi kwenye kikao. Haimpigii mtu simu mara ya tano ili apokee. Ikikosea haiitwi kujieleza, unaitwa wewe uliyeweka jina lako. Kwa hiyo kijana ambaye thamani yake yote ni kupanga vizuri maneno ya wengine, huyo yupo kwenye hatari kubwa, na yule anayekwenda kuleta kitu ambacho hakijaandikwa popote bado anatafutwa. Itumie, ijue, lakini asainimenti zako za kuandika ziandike mwenyewe, maana msuli usioutumia mwaka wa pili hutaukuta mwaka wa nne.

Kuhusu baba. Anachosema kina chembe ya ukweli na ni vizuri ukikubali, vyuo vingine vinapokea kozi hii kwa alama za chini, wengine wanaletwa huku baada ya kukosa walichotaka, na mishahara ya kuanzia kwenye vyumba vya habari mara nyingi ni midogo. Anachokosa ni kudhani kozi hii mwisho wake ni kusoma taarifa ya habari. Wanafunzi wangu wengi hawapo redioni wala kwenye televisheni, wapo mahospitalini wakiandika maelekezo ambayo mgonjwa anaweza kuyaelewa, wapo kwenye mashirika, kwenye idara za serikali, kwenye utafiti wa hadhira, kwenye kampuni wakishughulika na malalamiko ya wateja. Kila mahali penye watu wengi na jambo la kueleweshana pana kazi hii, ila haitangazwi kwa jina la kozi yako, itabidi ujifunze kuitambua ikiwa imevaa jina lingine.

Basi uhame? Ukihamia kompyuta kwa kukimbia takwimu utaikuta kule imekusubiri, na hesabu nyingine juu yake. Ukihama kwa sababu umeshajaribu kuandika programu na ukajikuta umekesha bila kulazimishwa, hiyo ni sababu, hama. Jipime kwa wiki sita, chukua kozi ya bure ya mwanzo ya programu jioni, uone unairudia mwenyewe au unajisukuma. Kuacha kabisa mwaka wa pili nakushauri usifanye sasa hivi, maana unaacha ukiwa umechoka na huna unakokwenda. Kuna njia ya katikati watu wanaisahau, kuahirisha muhula, vyuo vingi vinaruhusu kwa sababu za afya na unarudi pale ulipoishia. Na nitakwambia pia ni wakati gani kubaki ni kosa, kama kusoma na kuandika kunakuchosha hata siku ambazo umelala vizuri, kama watu na mambo yao hayakuvutii, kama unachotaka ni kuonekana tu basi, miaka iliyobaki itakuwa mizito na baadaye kazi itakuwa nzito zaidi.

Ila nikisoma ulivyoandika, mimi sidhani uko hivyo. Umeandika swali refu lenye mpangilio, umemnukuu baba bila kumtukana, umemtaja rafiki bila wivu. Huyo ni mwandishi anayeanza.

Ukiamua kubaki, mikono ianze sasa na simu uliyonayo. Usianze na video, anza na sauti, ni nafuu na inafundisha kusikiliza. Tafuta mtu mmoja mwenye kazi ambayo watu hawaijui, mhoji nusu saa, chumba kisicho na mwangwi, simu iwe karibu na mdomo wake kama shibiri moja, zima feni. Halafu shusha Audacity kwenye kompyuta, programu ya kuediti sauti, ni ya bure, ukate nusu saa iwe dakika tatu. Hizo dakika 27 utakazotupa ndo zitakufundisha mlinda lango kuliko slaidi yoyote. Baadaye ukitaka video, programu ya kuediti iitwayo DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa. Jiunge na redio au gazeti la chuo hata kama linasuasua, tena likisuasua ndo unapewa nafasi haraka. Mpaka unamaliza uwe na kazi tano au sita zilizokamilika, sio thelathini zilizoanzwa, na kila moja uweze kueleza kwa nini ulichagua engo ile. Ukienda fildi usikubali miezi mizima ya kutumwa kutoa kopi, siku ya pili tu mfuate mhariri na wazo lako la habari lililoandikwa kwenye karatasi, sentensi mbili, na jina la mtu wa kwanza utakayempigia.

Mengine yanataka uso kwa uso na mimi siwezi kukuamulia kutoka hapa. Nenda kwa mshauri wako wa masomo na matokeo yako yote mkononi, muulize masomo yapi yatahamishika ukibadili kozi, tarehe ya mwisho ya kubadili ni ipi, kama unasoma kwa mkopo au ufadhili unaathirika vipi, na mwaka wa tatu kuna mikondo gani, maana sehemu nyingi masomo ya vitendo yamewekwa huko na huenda ulichokuwa unakililia kipo miezi michache mbele. Majibu yote uyaandike, yawe na tarehe. Ila kwa mshauri nasaha nenda kwanza, kabla ya ofisi hii nyingine.